Penseli na Lenzi: Kuwafundisha Watoto Kuchora Vitu Vidogo kwa Ukubwa

Miongoni mwa vipindi vinavyopewa heshima ndogo kabisa katika shule zetu za msingi ni kipindi cha kuchora. Mvua ikizuia kazi ya shambani, watoto huambiwa wachore. Mwalimu akiwa na madaftari mengi ya kusahihisha, watoto huambiwa wachore. Na kwa kuwa hakuna anayewaeleza wachore nini wala wachore vipi, kila mmoja huchora kile alichokichora juzi: nyumba yenye mlango mmoja na madirisha mawili, jua linalochungulia pembeni mwa karatasi, na mnazi, hata kama mtoto mwenyewe amezaliwa katika baridi ya Mufindi na hajapata kuuona mnazi maishani mwake.

Katika makala hii ningependa kueleza kwamba kipindi hicho hicho, bila ya gharama kubwa, chaweza kuwa mlango wa kwanza wa mtoto kuingilia katika sayansi. Njia yenyewe ni nyepesi. Mtoto hupewa kitu kidogo cha asili, kama vile punje, mdudu au ua. Hukitazama kwa lenzi. Kisha hukichora kikubwa hadi kijaze karatasi nzima. Kazi yangu ya kuwakagua wanafunzi-walimu walio katika mazoezi ya kufundisha imenipeleka mara nyingi katika shule za Iringa na Mbeya, na mifano nitakayoitoa ni ya huko. Nitaanza na mfano ambao haunipi sifa mimi mwenyewe.

Mdudu asiye na mdomo mrefu

Katika shule moja ya kijijini mkoani Iringa, mwalimu kijana aliwaagiza watoto wa darasa la tano walete wadudu waliokufa kutoka katika mahindi ya nyumbani. Siku ya pili watoto walikuja na wadudu ndani ya viberiti vitupu. Hadi hapo mambo yalikwenda vizuri. Kisha mwalimu, kwa nia njema, aliuendea ubao akamchora fukusi mkubwa: mwili, miguu sita, na mbele ya kichwa ule mdomo mrefu uliopinda mithili ya mkonga wa tembo. Akawaambia watoto wachore. Watoto zaidi ya 40 wakainamia madaftari na kuchora kilichokuwa ubaoni. Viberiti vilibaki vimefungwa.

Msichana mmoja aliyekaa nyuma alikuwa amekifungua kiberiti chake. Mdudu aliyemchora alikuwa na mwili ulionyooka kama kipande cha gogo, kichwa kilichofichwa chini ya kifua, na upande wa nyuma uliokatika wima kana kwamba umepitishwa msumeno. Mdomo mrefu haukuwapo. Mwalimu alikuwa amekwisha kumwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu. Nami, niliyekuwa nimekaa nyuma ya darasa hilo pamoja na shahada yangu ya udaktari, niliinama nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, umesahau mdomo."

Alisimama kwa adabu akajibu, "Hana mdomo huo, Mwalimu. Nimeutafuta."

Nilitoa lenzi mfukoni, nikatazama ndani ya kiberiti. Mtoto alikuwa amesema kweli. Mdudu yule hakuwa fukusi hata kidogo, alikuwa dumuzi.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Fukusi ni mwenyeji wetu wa siku nyingi. Jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai ndani yake, na buu hukua humo humo akiila punje. Dumuzi asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Katika Afrika Mashariki alitambuliwa kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na toka hapo akaenea katika nchi nyingi za bara hili. Wakulima wa sehemu kadhaa walimpa jina la Scania, yaani lile la malori makubwa ya mizigo. Yeye hupenda hasa mahindi yaliyohifadhiwa kwa magunzi yake, ambamo huchimba njia kutoka punje moja hadi nyingine na kuacha unga mtupu. Wataalamu waligundua mapema kwamba dawa za unga zilizokuwa zikimwua fukusi hazikumtosha dumuzi, na dawa iliyomweza dumuzi haikumtosha fukusi. Kwa hiyo wakulima walishauriwa wayapukuchue mahindi kabla ya kuyahifadhi, na wayachanganye na dawa yenye viambato vya aina mbili. Mkulima asiyejua ni mdudu yupi aliyemo ghalani mwake huenda akanunua dawa, akaitumia kwa uaminifu, na bado akakuta unga mahali pa mahindi.

Wadudu wote wawili wana urefu wa milimita 3 au 4 hivi. Kwa jicho la haraka wote ni vidoa vyeusi vinavyotembea. Lakini katika mchoro wenye urefu wa sentimita 30 hawawezi kufanana kamwe.

Mwalimu yule alifanya jambo ambalo lilihitaji moyo kuliko kazi yote ya siku hiyo: aliifuta alama ya kosa mbele ya darasa. Kisha aliwaambia watoto wote wafungue viberiti vyao, watazame, na kuinua mikono kama wamekuta mdudu asiye na mdomo mrefu. Mikono saba iliinuliwa. Maana yake ni kwamba nyumba saba zaidi za kijiji kile zilikuwa na dumuzi. Jioni habari ilipelekwa kwa afisa ugani wa kata, naye aliipokea kutoka kwa darasa la tano.

Kwa nini jicho halioni

Tusimlaumu mwalimu yule peke yake. Jicho la mwanadamu ni jicho la haraka. Likikitambua kitu, huacha kukitazama. Mkono nao huchora kile ambacho kichwa kinajua, wala si kile ambacho jicho linakiona. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, nilipata kukabidhi mchoro safi kabisa wa chembechembe za shina la mmea, zimepangika kwa safu kama matofali. Msimamizi wa maabara alikuja akatazama ndani ya hadubini yangu, akanionyesha kwamba taa yake haikuwa imewashwa. Nilikuwa nimekichora kitabu.

Hapa ndipo ilipo faida ya kuchora kwa ukubwa. Mchoro mdogo huficha ujinga wetu, ilhali mchoro mkubwa huufichua. Katika mchoro wa sentimita moja, miguu sita ya mdudu yaweza kuwa mistari sita tu, na hakuna atakayeuliza. Katika mchoro wa sentimita 30 mtoto hulazimika kujiuliza: Mguu huu umeungana na mwili wapi? Una viungo vingapi? Mbona miguu yote sita imetoka kifuani, na hakuna hata mmoja uliotoka tumboni? Maswali hayo hayatoki kwa mwalimu. Hutoka katika ile nafasi nyeupe ya karatasi inayosubiri kujazwa, na jibu lake haliko ubaoni bali limo kiberitini.

Wanasayansi wameijua siri hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1665 Robert Hooke, mtaalamu wa majaribio wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya London, alichapisha kitabu kiitwacho Micrographia, chenye michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Mchoro wa kiroboto ulikuwa mkubwa hata ilibidi ukunjwe ili ukae ndani ya kitabu. Hooke alieleza kwamba hakuanza kuchora kitu chochote kabla ya kukitazama mara nyingi katika mianga mbalimbali na kutoka pande mbalimbali, mpaka apate umbo lake la kweli. Miaka zaidi ya 200 baadaye Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, ambaye utotoni alitamani kuwa msanii, alichora neva za ubongo kwa mkono wake, na mwaka 1906 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Camillo Golgi. Kwa watu hao penseli ilikuwa chombo cha uchunguzi, sawasawa na lenzi.

Msomaji yumkini atauliza: Je, kwa kufanya hivyo hatuiui sanaa, ambayo kazi yake ni kubuni? Swali hilo si jipya katika Afrika Mashariki. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya uchoraji huko Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, aliwahimiza wanafunzi wachore kutokana na hadithi na kumbukumbu zao. Cecil Todd, aliyeshika uongozi baada yake, alitilia mkazo mafunzo ya kutazama na kuchora vitu halisi. Kila njia ilitoa wachoraji wake. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, hakupata mafunzo ya chuo chochote, na ndege na wanyama wake wametembea dunia nzima. Hakuna anayewapima kwa rula. Sisemi basi kwamba kubuni kuondolewe. Nasema kwamba mtoto mwenye vitu vingi machoni mwake ana vingi vya kubunia, na kwamba mnazi wa kunakili si ubunifu.

Kutoka ghalani hadi shamba la pareto

Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya hupita Mafinga, ambako kuna kiwanda cha kusindika pareto. Zao hilo lina uhusiano na habari ya dumuzi, kwa maana dawa zilizofaa kumwua zilikuwa za jamii ya pairethroidi, ambazo wanakemia walizibuni kwa kuiga sumu iliyomo katika ua la pareto. Ua lenyewe hustawi katika miinuko ya baridi ya Iringa, Njombe na Mbeya, na watoto wengi wa huko wamelichuma pamoja na wazazi wao. Ni somo bora la kuchora kwa ukubwa.

Katika shule moja iliyo kwenye miinuko ya Mbeya niliwakuta watoto wakilichora. Mwanzoni kila mmoja alichora duara la manjano lililozungukwa na vijani vyeupe. Walipopewa lenzi, duara lilivunjika. Kile walichokiita ua moja kilikuwa mkusanyiko wa maua mengi madogo: katikati yamesongamana maua ya manjano yenye umbo la mrija, na kila kijani cheupe cha pembeni nacho ni ua kamili. Walipolipasua ua katikati kwa wembe, kazi ambayo mwalimu aliifanya mwenyewe, waliona chini ya kila ua dogo kipande kinachokuja kuwa mbegu. Sehemu kubwa ya sumu ya pareto hukaa katika vipande hivyo, wala si katika vijani vyeupe vinavyopendeza macho.

Mvulana mmoja alitambua kwamba maua ya manjano ya safu za nje yalikuwa yamefunguka, ilhali ya katikati yangali yamefumba. Hiyo ndiyo alama ya uchumaji: ua la pareto hufaa kuchumwa wakati safu kadhaa za nje zimefunguka. Mama yake mvulana huyo bila shaka aliijua alama hiyo kwa mazoea ya mikono. Sasa mtoto aliijua pia sababu yake.

Punje ya hindi nayo, ambayo haikosekani katika nyumba yoyote ya nyanda hizi, ina mambo mengi kuliko tunavyoidhania. Upande wake mmoja una kiini cha mmea, na upande huo huelekea ncha ya gunzi. Karibu na kichwa cha punje kuna kidoa kidogo sana: hapo ndipo ulipokuwa umeshika uzi mmoja wa ndevu za hindi, maana kila punje ilikuwa na uzi wake uliopokea chavua. Na kwenye kitako cha punje iliyokomaa, ukikikwangua, utakuta tabaka jeusi, ambalo humwambia mkulima kwamba punje imekwisha kupokea chakula chote kutoka kwa mmea. Mtoto anayechora punje yenye urefu wa sentimita 25 hawezi kuvikosa vitu hivyo vitatu. Anayeichora yenye urefu wa sentimita moja atachora jino.

Namna ya kuendesha kipindi

Walimu wengi huniambia, "Daktari, hatuna hadubini." Hadubini haihitajiki. Lenzi moja ya mkono yatosha watoto watano. Isipopatikana, chukua kadi ngumu, itoboe tundu la duara lenye upana wa milimita 3 au 4, paka nta au mafuta kidogo ukingoni mwa tundu, kisha dondoshea humo tone moja la maji. Tone litashika umbo la lenzi. Likishikwa karibu sana na jicho na karibu sana na kitu, hukuza mara kadhaa. Karatasi yaweza kuwa mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita, na mkaa ukafanya kazi ya penseli.

Ili mkono usipotee, tengeneza dirisha. Kata tundu la mraba lenye upande wa sentimita 4 katika kadi, kisha tandika nyuzi kila baada ya sentimita moja, wima na ulalo, upate miraba 16. Weka dirisha hilo juu ya ua. Juu ya karatasi chora mraba wenye upande wa sentimita 40, uugawe vilevile katika miraba 16. Kilichomo katika mraba mdogo huchorwa katika mraba mkubwa unaolingana nao. Mchoro utakuwa umekuzwa mara 10 kwa urefu. Na watoto wakihesabu, watagundua wenyewe kwamba eneo limekua mara 100.

Hesabu isiachwe nyuma. Kila mchoro uandikwe kipimo chake cha ukuzaji, ambacho ni urefu wa mchoro kugawanya kwa urefu wa kitu halisi. Dumuzi wa milimita 4 akichorwa kwa milimita 320, amekuzwa mara 80. Mtoto mwenye urefu wa mita 1.3 akikuzwa kwa kipimo hicho angekuwa na urefu wa mita 104, yaani karibu sawa na urefu wa uwanja wa mpira. Nimeona darasa zima likicheka kwa hesabu hiyo, na hakuna aliyeisahau.

Mwalimu asichore ubaoni. Hili ndilo sharti gumu kuliko yote, hasa kwa mwalimu hodari wa kuchora. Yule anayesema kwamba hajui kuchora ana nafuu, kwa kuwa hatashawishika. Kazi yake ni kuuliza: Umekiona wapi hicho? Nionyeshe.

Katika kusahihisha, uzuri usiwe kipimo. Maswali matatu yanatosha. Je, kila kilichochorwa kipo? Je, kilichopo kimechorwa? Je, kipimo cha ukuzaji ni sahihi? Baada ya hapo bandika michoro ukutani, changanya viberiti, na uwaache watoto walinganishe kila kiberiti na mchoro wake. Mchoro uliomwezesha mwenzako kumtambua mdudu ndio mchoro mzuri.

Zipo tahadhari chache. Mtoto asilielekeze lenzi kwenye jua na kutazama. Mahindi yaliyotiwa dawa yasiletwe darasani. Baada ya kushika pareto watoto wanawe mikono, kwani yaweza kuwasha ngozi. Na maua ya mwituni yachorwe pale yalipoota. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, una aina nyingi za okidi ambazo zimeathiriwa na uchimbaji wa viazi vyake viitwavyo chikanda. Hatuna budi kumzoesha mtoto kuondoka na mchoro, na kuliacha ua mahali pake.

Hasara ya kutotazama

Mwaka 2017 nchi yetu ilithibitisha kuingia kwa kiwavijeshi vamizi, mdudu mwingine aliyetoka mabara ya Amerika, ambaye alikuwa ametambuliwa Afrika Magharibi mwaka mmoja kabla. Kwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi kama Mbeya na Iringa, hiyo haikuwa habari ndogo. Kiwavi huyo hutofautishwa na ndugu zake kwa alama mbili: usoni ana mchoro wa herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mwisho wa mwili ana vidoa vinne vyeusi vilivyopangika kwa umbo la mraba. Mtu mwenye lenzi na subira ya dakika mbili hawezi kumkosa. Wengi hawakuwa na lenzi. Na wengi zaidi, pamoja na macho mazima, hawakuwa wamepata kufundishwa kumtazama kiwavi usoni.

Wadudu wengine watakuja, na magonjwa mengine ya mimea yatakuja. Hatutaweza kumweka mtaalamu katika kila shamba. Lakini katika kila kijiji kuna darasa, na katika darasa kuna macho 80 au zaidi ambayo bado hayajachoka. Tukiwazoesha watoto hao kunakili ubao, tutapata wakulima, wauguzi na hata wanasayansi wanaoona walichoambiwa. Tukiwapa kiberiti, lenzi na karatasi kubwa, tutapata watu wanaoweza kusema kwa adabu mbele ya mkubwa aliyekosea, "Nimeutafuta, haupo."

Mchoro wa msichana yule alinipa, nami ningali ninao. Mistari yake haikunyooka, na mguu mmoja ni mnene kuliko mingine. Alama nyekundu ya kosa bado yaonekana chini ya ile ya usahihi. Huwaonyesha wanafunzi-walimu wangu kila mwaka kabla hawajaenda shuleni, na huwaomba jambo moja tu: wasisahihishe mchoro wowote kabla ya kutazama ndani ya kiberiti.